Bendera Ikae Stesheni

Mama,

Zimeamka. Naanza na hilo kwa sababu najua hungenivumilia nikuandikie ukurasa mzima kabla sijakwambia. Kompyuta za shule ya Gilgil zimeamka zote, hata ile kubwa ya kijivu uliyokuwa ukiiita Nyanya. Zimeamka zenyewe, bila kitu chetu chochote kuchomekwa ndani. Sasa keti vizuri, kama huko mnaketi, nikueleze ilivyokuwa, maana nusura mwanao aaibike mbele ya darasa zima la wasichana.

Kwanza habari za nyumbani. Baba ni mzima. Siku hizi anapika ugali. Sisemi amejifunza kuupika, nasema anaupika tu, nasi tunaula kwa heshima yake. Asubuhi anakuja dukani, anavuta stuli hadi mlangoni, anafungua gazeti na kusoma ukurasa uleule mpaka saa sita. Kwenye kiti chako haketi. Nami siketi. Kiko palepale kando ya meza ya kazi na ile foronya uliyokishonea.

Kibao cha nje bado kinasema Mama Nekesa Computers, na hakitabadilishwa nikiwa hai. Wateja wasiojua bado wanaingia na laptop kwapani wakiuliza, "Mathe yuko?" Mwanzoni nilikuwa naingia nyuma ya pazia kujifuta uso, namwachia Baba awaeleze. Sasa nimepata jibu. Nawaambia, "Hayuko, lakini kazi iko." Wengine hunipa pole, wengine hunipa laptop, na wengi hunipa vyote viwili.

Mama, nilikuwa karibu kulipoteza duka.

Tulikupeleka nyumbani Bungoma, tukakulaza karibu na kaburi la Kukhu, nyanya yangu, kama ulivyotaka. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi wazee wakakaa kuuliza alichoacha marehemu kitashikwa na nani. Wakagawa maneno yao taratibu, shamba lile dogo, ng'ombe, hadi wakafika kwa duka la Nakuru. Baba akasimama na kusema, "Duka tutafunga." Hakueleza. Hakuhitaji kueleza, nilimwona anavyoutazama ule mkoba wako wa bisibisi ambao mtu aliupakia kwenye gari bila kufikiri. Hakuwa na ubaya. Hakuweza tu kuamka kila siku aende mahali ulipokuwa ukiketi akukose upya.

Nikasimama. Unajua mimi si mtu wa kusimama mbele ya wazee, hata kwenye harusi yangu ulinisukuma na kiwiko. Nikasema kuna kazi ya shule Gilgil ambayo Mama aliikubali kwa mdomo wake, na neno la marehemu haliachwi njiani. Niachieni niimalize. Kompyuta zikiwaka na wasichana wakasoma, duka liendelee. Zikikataa, nitafunga mlango mwenyewe na kumletea Baba funguo. Wazee wakamtazama Baba. Baba akatazama mikono yake, kisha akasema, "Gilgil basi."

Kwa hiyo nikarudi Nakuru na kitu kimoja tu kichwani.

Ngoja nikukumbushe ulivyonifundisha, si kwa sababu umesahau, ila mimi napenda kukumbuka. Ulikuwa karani wa kupiga chapa kule kiwandani. Mashine za chapa zilipofika mwisho wake, wakakupa mkono wa asante na kukurudisha nyumbani. Wenzako waliopunguzwa nawe walinunua ng'ombe. Wewe ukanunua kompyuta mbovu, ukaifungua juu ya meza ya chakula, na kwa wiki nzima tukala tumepakata sahani. Majirani wa Kaptembwo walipita dirishani kukuchungulia kama mtu aliyeanza kuzungumza peke yake. Mimi nilikuwa darasa la saba na niliona aibu. Leo ningelipa nauli yoyote nirudi kupakata ile sahani.

Siku niliyokuuliza kwa nini kompyuta yenye kila kitu ndani yake inakaa gizani na kuandika mstari mmoja tu mweupe, ulinijibu kwa habari za Babu. Babu alikuwa mtu wa bendera stesheni ya Nakuru. Ulisema, "Ona, treni ni kubwa. Iko na injini, iko na mabehewa, watu wamekata tikiti. Lakini bila babu yako kuinua ile bendera ya kijani, inakaa hapo tu kama nyumba." Ukaniambia kompyuta ni vivyo hivyo. Diski ipo, mfumo mzima umo ndani, ila kuna kiprogramu kidogo sana kinachopaswa kuuambia mfumo huo uondoke. Vitabu vinakiita bootloader. Wewe ukakiita bendera, na tangu siku hiyo sijawahi kukiita kitu kingine nikiwa dukani.

Kisha ukanifundisha kwamba kila mashine ina mahali pake pa kutazama. Za zamani hutazama mwanzo kabisa wa diski, kile kipande cha mbele, na bendera isipokuwa hapo hazitafuti kwingine. Laptop za siku hizi zina chumba kidogo kilichotengwa ndani ya diski, na bendera hukaa humo kama faili lenye jina lake. Vile vikompyuta vya kutoshea kiganjani havina diski, vinasoma memori kadi, na ukiharibu sehemu ya kwanza ya kadi vinawasha taa nyekundu na kukununia. Na zile ambazo diski imekufa kabisa ulizifundisha kuuliza mashine ya pili kupitia waya wa mtandao. Hiyo uliiita kuomba moto kwa jirani. "Hata sisi tukiwa watoto tulitumwa na kigae kuomba makaa," ulisema. "Si aibu. Aibu ni kulala njaa na jirani ana moto."

Lakini kisa ulichokipenda kuliko vyote ni cha siku ambayo Babu alimaliza zamu na kwenda nyumbani na bendera mfukoni mwa koti. Aliyeingia zamu akaitafuta kila pembe. Treni imejaa, dereva yuko tayari, na bendera iko nyumbani, kwota za reli, inakunywa chai. Mtu akatumwa mbio, Babu akarudi akikimbia na ndala. Ulikuwa ukikisimulia hadi unashika ubavu kwa kicheko, na mwishoni unaninyooshea bisibisi: "Bendera ikae stesheni, Nekesa. Isikae mfukoni."

Ndiyo maana ukawa na ile sheria yako. Kazi ikiisha: chomoa, zima, washa. Chomoa kila kitu kilicho chako, flashi, kadi, kila waya uliokuja nao. Zima kabisa. Washa, kisha weka mikono nyuma. "Mashine ikiamka wewe ukiwa umeishika mkono, hiyo haijaamka. Hiyo umeibeba." Mara ngapi nilikuona ukimrudisha mteja mlangoni, ameshalipa, amekwisha beba mzigo wake, kwa sababu hukuwa na hakika kama ulichomoa. Yule daktari wa mifugo wa Kiamunyi alikuwa anakasirika, lakini hakuwahi kwenda kwa fundi mwingine.

Sasa sikiliza alichofanya mwanafunzi wako.

Unakumbuka flashi zako mbili. Ile nyeupe yenye mfumo wa kuweka, na ile ya kamba nyekundu uliyoivaa shingoni pamoja na ufunguo wa kabati, yenye vitabu na mazoezi ya kupiga chapa uliyoyakusanya kwa ajili ya shule. Nesi alinikabidhi ile nyekundu ndani ya mfuko mdogo, pamoja na saa yako. Nimeivaa tangu siku hiyo. Nililala nayo. Baba aliniona nayo shingoni.

Nilipoanza na kompyuta kubwa za Gilgil nilichomeka zote mbili kwa pamoja, nyeupe iweke mfumo, nyekundu itoe vitabu. Mashine ya kwanza ikamaliza. Nikachomoa nyeupe. Nikashika nyekundu niichomoe, ikawa inapepesa kile kitaa chake kidogo cha buluu, na Mama, sikuweza. Naomba uelewe. Ilikuwa kama bado unafanya kazi humo ndani. Nikajisemea wacha ikae tu, haina madhara. Nikazima, nikawasha, mashine ikaamka vizuri. Nikahamia ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, hadi za aina hiyo zikaisha. Zote ziliamka. Nikamwita Baba atoke kwenye gazeti aone. Akaona, akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye ukurasa wake. Laptop na vile vidogo vya memori kadi nilivifanya siku nyingine, flashi nyekundu ikiwa shingoni kwangu, na havikunisumbua. Nyanya nilimwacha awe wa mwisho, nikasema nitamshughulikia hukohuko shuleni.

Tukapakia kila kitu kwenye pikapu ya jirani, tukavifunika kwa mablanketi yako ya kazi, tukaenda. Gilgil ilikuwa na upepo wake uleule wa kukutoa kitambaa kichwani. Mwalimu Jepkosgei, yule mkuu wa shule aliyekuja mazishini na wasichana wawili wakakuimbia, alitupokea getini kwa mikono yote miwili. Darasa lilikuwa limepigwa deki hadi linanukia, meza zimepangwa, na wasichana wameketi wameshika mikono mapajani kama wanasubiri matokeo ya mtihani.

Laptop zikaamka. Vile vidogo vikaamka, taa ya kijani. Wasichana wakapiga makofi. Nikawasha kubwa ya kwanza.

Giza, na ule mstari mweupe ukisema hakuna diski ya kuwashia.

"Madam, hii ya huku imekataa," msichana mmoja akasema. Mwingine wa nyuma akaongeza, "Hata hii." Nikachomeka flashi nyekundu kwa ya kwanza. Giza. Ya pili, giza. Nikapita kwa zote, mpaka nikafika kwa ile ya dirishani, niliyoimaliza mwisho kule dukani. Hiyo ikaamka. Nikaichomoa flashi, nikawasha tena, nayo ikakataa kama wenzake.

Mwalimu Jepkosgei akaja kando yangu na kuniwekea mkono begani. "Usijali, Nekesa. Tunaweza ngoja hata term ijayo." Alisema kwa wema, na wema huo ndio ulioniumiza. Term ijayo duka lingekuwa limefungwa, na mimi ningekuwa nimempa Baba funguo kwa mkono wangu. Nikainamia kibodi nikijifanya kusoma. Sikuwa nasoma kitu. Nilikuwa nakuita.

Aliyeitika ni Baba. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, mtu ambaye hajawahi kuwasha kompyuta maishani mwake. Akasema kwa sauti yako kabisa, hata lile vuto lako la mwisho wa neno, "Nekesa, bendera umeiacha wapi?"

Nilianza kucheka, Mama. Darasa zima linanitazama nami nacheka, maana nilikuwa nimeishika. Ilikuwa inaning'inia kwenye kamba nyekundu kidoleni mwangu. Flashi ile iliposhinda imechomekwa, kila mashine iliihesabu kuwa ndiyo diski ya kwanza, na bendera ikawekwa humo badala ya kwenye diski yenyewe. Kila nilipohamia mashine nyingine, bendera mpya iliifuta ya nyuma. Ndiyo sababu dukani kila moja iliamka kwa zamu yake, na Gilgil ikaamka ile ya mwisho peke yake. Nilikuwa nimetoka Nakuru na bendera za treni zote mfukoni. Babu angalau alikuwa na moja tu.

Nikamwendea Baba nikamvisha kamba mkononi. "Shika hii. Toka nayo nje kabisa." Akaifunga ndani ya leso yake, akaitia mfuko wa shati, akaenda kusimama karibu na tangi la maji, upepo ukimpiga.

Nikarudi kwa ya kwanza na flashi nyeupe peke yake. Nikauliza mashine ina diski zipi, nikasoma majina polepole na kidole juu ya skrini kama ulivyokuwa ukifanya, nikaweka bendera pale mwanzo kabisa wa diski yake yenyewe. Kisha nikawaambia wasichana kuna maneno matatu ya kusema katika kazi hii. Chomoa. Zima. Washa. Nikaweka mikono nyuma. Skrini ikakaa nyeusi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, kisha ikajaa rangi, na mazoezi yako ya kupiga chapa yakatokea pale pembeni yakiwa na jina uliloyapa, Vidole vya Mama. Nililia kidogo. Sikujificha nyuma ya pazia, na hata hivyo pazia halikuwepo.

Kufika ya tatu wasichana walikuwa wanasema maneno yale kwa pamoja kabla yangu. Ikabaki Nyanya. Diski yake ilikuwa imekufa tangu enzi zako, kwa hiyo nikamuunga waya hadi kwa mashine ya dirishani, nikamwonyesha mahali pa kuomba moto. Akaguna, akafikiri, akaguna tena. Msichana mmoja akasema, "Ni mzee, muachie time." Tukamwachia. Akaamka wa mwisho, na makofi yake yakawa makubwa kuliko ya wote.

Tulirudi Nakuru na Baba kando yangu. Tukapita Kariandusi, tukapita Mbaruk, leso bado mfukoni mwake. Nikaona nisimuulize la duka. Tulipofika Lanet akakohoa. "Kesho unafungua saa ngapi?"

Nikasema, "Saa mbili."

"Mama yako alikuwa anafungua saa moja na nusu."

Basi. Hivyo ndivyo duka lako lilivyobaki wazi.

Sasa Mama, nataka kukushukuru na sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia popote. Asante kwa kile kitambaa cha mafuta ulichotandaza juu ya meza ya chakula. Asante kwa kuniacha niharibu diski yako nzuri nikijifunza, ukasema tu, "Sasa unajua inaharibikia wapi." Asante kwa kutonifanyia kazi hata nilipolia, kwa kukaa kwenye kile kiti chako na mikono nyuma nikihangaika, mpaka nikakuona mkatili. Hospitalini uliingia kwa miguu yako, na hukupata nafasi ya kuniaga wala kunipa wosia. Nimekulilia kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Nilidhani kila kilichokuwa kinaniamsha kilikuwa kwako, na kwamba umeondoka nacho.

Lakini asubuhi ya leo nilifungua duka saa moja na nusu. Nikafagia, nikapanga bisibisi zako kwa ukubwa, nikamwashia mteja wa kwanza laptop yake kabla Baba hajafika na gazeti. Nikiwa katikati ya kazi ndipo nikagundua kwamba shingoni sikuwa na kitu. Kamba nyekundu ilikuwa bado ndani ya leso ya Baba, na nilikuwa nimefanya kazi yote bila kuitafuta. Bendera hukuondoka nayo, Mama. Uliiweka mahali pake kitambo, polepole, nikiwa darasa la saba nimepakata sahani na kukuonea aibu. Asante.

Flashi yako nitaitundika kwenye msumari juu ya meza, iwe ya kutazamwa. Kiti chako, nimezungumza na Baba, na amekubali nikikalie kuanzia Jumatatu, mradi nisiguse ile foronya. Na nakuahidi hili: hakuna mashine itakayotoka kwenye mlango ule kabla sijachomoa, nikazima, nikawasha, hata kama mteja amekasirika, hata kama mvua inanyesha.

Msalimie Babu. Mwambie alichofanya na koti lake nimekishinda.

Pumzika, Mama. Huku kumewaka.

Mwanao,
Nekesa